Barua ya wazi kwa watu wa mwalo wetu: ile kamba mliyomfungia mtoto

Wazazi wenzangu, wavuvi, mama zangu wa dagaa, na nyinyi vijana mnaoshinda mwaloni, nawasalimu.

Mnanifahamu, mimi ndiye Bibi Mwalimu. Nimefundisha shule za msingi hapa Ilemela, Mwanza, miaka 31, na wengi wenu nimewashika mkono kuandika herufi ya kwanza. Kwa hiyo mtanivumilia.

Jumamosi iliyopita nilikuwa naanika dagaa nikasikia kelele upande wa mitumbwi. Mtoto wa miaka 15 amefungwa kamba ya nanga kwenye mguu wa chanja, shati limechanika mgongoni, watu wazima wanapokezana fimbo. Kosa lake betri ya taa ya sola. Wengine walikuwa wanachukua video. Mama mmoja ninayemheshimu sana akasema, "Huyo alishaharibika, mwacheni aipate." Nikaikata kamba kwa kisu cha kuparulia samaki. Tangu siku hiyo usingizi wangu si usingizi.

Aliharibika lini? Nani kati yenu anaijua siku? Mimi nitawaambia. Mwaka jana dhoruba ilimchukua baba yake ziwani. Tukakaa matanga, tukachanga rambirambi, tukatawanyika. Ndipo mtoto akaanza kukosa shule, akawa mkali, akawa hapitishi siku bila kupigana. Sisi kazi yetu ikawa kuhesabu makosa yake. Hakuna hata mmoja, na mimi nimo, aliyemketisha kando akamuuliza: mwanangu, tangu mzee aondoke unalala kweli? Mtoto wa kiume aliyefiwa mara nyingi halii mbele za watu. Huzuni yake humtokea mikononi, kwenye ngumi.

Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu niliwahi kukosea vilevile. Nilikuwa na mwanafunzi wa darasa la sita aliyelala darasani. Si kila siku. Wiki moja yuko macho, anajibu maswali, wiki nyingine kichwa kiko juu ya dawati tangu asubuhi. Nikaamua anakwenda ziwani usiku kuvua dagaa, nikamchapa. Nilimchapa zaidi ya mara moja. Siku moja nikamkuta alfajiri amejikunyata na mama yake ndani ya mtumbwi uliovutwa pwani, wamejifunika nyavu. Ilikuwa mbalamwezi. Jamani, mimi nimezaliwa ufukweni! Najua dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu mitumbwi ya dagaa haitoki. Ni siku ambazo baba yuko nyumbani, ana pesa ya giza lililopita, anakunywa, anapiga. Mtoto alikuwa ananionyesha kila mwezi, kwa tarehe kabisa, nami nilishika fimbo badala ya kalenda.

Shirika la Afya Duniani linasema kijana mmoja kati ya saba wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Lilishasema pia kwamba nusu ya matatizo hayo huanza kabla ya mtu kufikisha miaka 14, na mengi hayatambuliwi wala kutibiwa. Huo ndio umri wa hawa mnaowaita vichwa ngumu. Yanayowasukuma mnayaona kila siku: kipigo na matusi nyumbani, msiba, njaa, gongo na bangi, kuonewa shuleni, kukosa usingizi. Na mabinti msiwasahau. Wao wengi hawagombani, wananyamaza tu, wanaacha kula, wanajitenga, na tunawasifu kwa utulivu.

Kisiwani Kauai, huko Hawaii, mtafiti Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 mpaka wakawa watu wazima. Wapo waliokulia katika umaskini, ulevi na ugomvi, na bado theluthi moja ya hao walikua vizuri. Moja ya mambo yaliyowashika ni kuwa na mtu mzima aliyewajali bila kuchoka: bibi, shangazi, mwalimu, jirani. Mwalo huu una watu wazima wangapi? Na yule mtoto alikuwa na nani?

Mtaniambia samaki mkunje angali mbichi. Sawa, lakini samaki mbichi hukunjwa kwa mkono, taratibu. Mlimwona nani akimtwanga? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtesa mtoto, na kumfunga kamba ni mateso. Serikali nayo nailaumu: mwalimu wa ushauri nasaha hawezi kumjua mtoto mmoja mmoja wakati ana vipindi siku nzima na darasa limefurika.

Mengine nayasema kwa kifupi. Mtoto akibadilika ghafla, muulize kabla ya kumhukumu. Akisema anataka kufa, usimcheke wala usimwache peke yake. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Namba 116 ya kusaidia watoto ni bure. Msiwanyime mpira wa jioni kama adhabu. Na zile video zifuteni leo.

Betri nimeilipa. Jumatano asubuhi nampeleka yeye na mama yake hospitali ya Bugando, kwenye kliniki ya afya ya akili. Nauli ninayo. Ninachotafuta ni mwanaume mmoja kati ya wale walioshika fimbo, aje tupande naye daladala, akae karibu na huyo mtoto njia nzima.