Kwa nini hatukupi saa ya kwenda Songo Mnara kabla hujatuambia tarehe

Tunapeleka watu kwa boti kutoka Kilwa Masoko hadi Songo Mnara na Kilwa Kisiwani, visiwa viwili vyenye magofu ya miji ya kale. Ujumbe tunaoupokea mara nyingi kutoka kwa wateja wa Dar huwa hivi: "Tupo sita. Tunafika Kilwa Masoko Ijumaa usiku. Jumamosi saa 3 asubuhi tuwe kwenye boti, twende Songo Mnara, tupitie Kilwa Kisiwani, jioni tuanze safari ya kurudi." Sisi hujibu kwa swali: hiyo Jumamosi itakuwa tarehe ngapi ya mwezi mwandamo? Wapo wanaodhani tunawazungusha ili tupandishe bei. Hapana. Tunauliza kwa sababu saa ya kwenda Songo Mnara inatokana na maji, na maji yanafuata mwezi.

Kilwa Kisiwani haina shida hiyo. Bandari ya Masoko ina kina kizuri, kisiwa kiko kilomita 2 hivi ng'ambo, na boti huvuka karibu saa yoyote. Songo Mnara iko mbali zaidi kusini, kama saa moja na nusu kwa boti ya injini, na pwani yake imezungukwa na mikoko. Maji yakiwa yamejaa, nahodha anaisogeza boti mpaka karibu na miti, unashuka maji yakiwa chini ya magoti, unatembea kidogo na uko kwenye magofu. Maji yakipwa, boti inakwama mbali. Kuanzia hapo ni wewe na tope, mizizi ya mikoko na chaza wanaokata nyayo kama wembe.

Watu wa pwani wanaijua hesabu hii tangu utotoni, lakini mtu aliyekulia Dodoma au Arusha hana sababu ya kuijua, basi tuieleze. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na ushee. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kutoka sana. Katikati ya hapo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: hayapandi sana wala hayatoki sana.

Sasa jambo linalowakuta wageni ni hili. Siku za bamvua, katika pwani yetu, maji hujaa alfajiri mnamo saa 10 au 11, yakapwa kabisa saa 4 au 5 asubuhi, kisha yakajaa tena jioni. Kwa hiyo mtu anayeondoka Masoko saa 3 asubuhi siku ya bamvua anafika Songo Mnara wakati ule ule ambao bahari imeondoka. Siku za maji mafu ni kinyume chake: maji hujaa saa 4 au 5 asubuhi, na ndiyo safari nzuri kuliko zote. Unaondoka baada ya chai, unafika maji yakiwa juu, unatembea saa mbili, unarudi kabla hayajatoka mbali. Ukitaka kujipangia mwenyewe bila kutuuliza, angalia kalenda ya Kiislamu: tarehe 7 hadi 9, na 21 hadi 23, ndizo siku zetu.

Na hapa ndipo sikukuu zinapoleta taabu. Idi ya Fitri ni tarehe 1 Shawwal, mwezi umeandama jana yake. Kila mwaka, bila kukosa, inaangukia bamvua. Pasaka nayo hupangwa kwa kufuata mwezi mpevu, kwa hiyo mara nyingi wikiendi yake iko ndani ya bamvua au karibu nayo, na juu ya hapo ni wakati wa masika. Sikukuu mbili zinazotuletea wateja wengi kuliko zote ndizo ngumu zaidi kwa safari ya asubuhi. Idi ya Kuchinja, tarehe 10 Dhul-Hijja, iko karibu na maji mafu. Kama familia yenu ina uhuru wa kuchagua, njooni Idi hiyo.

Tulijifunza kwa uchungu. Mwaka wetu wa pili wa kazi tulikubali kundi la Idi ya Fitri lililotaka kuondoka saa 3, kwa kuwa walikuwa na haraka ya kurudi Dar, na sisi tulikuwa na haja ya pesa. Nahodha alituonya. Boti ilikaa juu ya mchanga mbali na mikoko, vijana wakashuka na kutembea kwenye tope, lakini mama yao, mtu mzima mwenye magoti mabovu, alibaki ndani ya boti juani zaidi ya saa mbili akitazama kuta kwa mbali. Hakutulaumu. Alisema tu kwamba alikuwa amesubiri safari hiyo muda mrefu. Tuliwarudishia sehemu ya pesa, na tangu siku hiyo mteja akishikilia saa isiyowezekana tunamwambia hapana, hata kama atakwenda kwa mwingine.

Maana Songo Mnara si mahali pa kutazama kwa mbali. Ni mji mzima wa mawe ya matumbawe, wa karne ya 14 na 15, wenye majumba zaidi ya 40, misikiti, makaburi na ukuta wa mji. Unapita mlangoni, unaingia ukumbini, unaona vidaka ukutani na unajua hapa palikaa vyombo, unaingia chumba cha ndani na unahisi ubaridi wa kuta nene. Kuna magofu mengi pwani hii ambayo yanahitaji mtu akueleze sana ndipo uelewe. Haya yanajieleza yenyewe. Watu hutoka mle wakizungumza kwa sauti ya chini, na sisi hatuwaharakishi.

Kilwa Kisiwani ndiyo yenye historia ndefu. Ibn Battuta, msafiri maarufu wa Moroko, alifika mwaka 1331, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Dhahabu ya Sofala, katika pwani ya Msumbiji ya leo, ilipitia hapa, na Kilwa ilipiga sarafu zake yenyewe za shaba. Utaona Msikiti Mkuu na safu za nguzo na kuba zake, Gereza, yaani ngome ambayo Wareno walianza kuijenga walipouvamia mji mwaka 1505 na Waomani wakaijenga upya baadaye, jumba la Makutani, kisha Husuni Kubwa juu ya jabali upande wa mashariki, kasri lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane. Husuni iko mbali kidogo na magofu mengine, na watu wengi huikatia tamaa kwa uchovu. Tunashauri uanze nayo asubuhi, kabla jua halijawa kali. Visiwa vyote viwili vimo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 1981.

Kisiwani kuna kijiji na watu wanaishi humo. Vaa nguo ya heshima, omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, na usipande juu ya kuta hata kama mwenzako alishapanda. Mwongozaji wa kijijini anajua njia na anajua habari ambazo hazimo kwenye kibao chochote, kwa hiyo tunamwita yeye.

Ndiyo maana tunaomba mlale usiku mbili. Siku moja ya Songo Mnara kwa saa ya maji, siku ya pili ya Kisiwani kwa saa yenu. Muda ukibaki, piteni Kilwa Kivinje mnaporudi: nyumba za zamani zenye milango ya nakshi, boma la Wajerumani, na Mwembe Kinyonga, mahali ambapo Wajerumani waliwanyonga watu waliopinga utawala wao.

Kuhusu njia: Dar hadi Masoko ni zaidi ya kilomita 300 za lami. Ukija kwa basi la Lindi au Mtwara, mwambie kondakta mapema akushushe Nangurukuru, halafu upate gari dogo la Masoko. Masika tunayaogopa kwa sababu ya barabara kuliko bahari. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara hii eneo la Somanga, na wasafiri wengi walikwama. Julai na Agosti kusi inavuma kwa nguvu, na mchana bahari ya kuelekea Songo Mnara inakuwa na mawimbi. Tunakwenda, lakini tunarudi mapema, na mwenye kuchafukwa na bahari akae nyuma karibu na nahodha. Oktoba na Novemba, wakati wa malelezi, bahari hutulia. Sisi wenyewe tungechagua Oktoba.

Kila mtu aje na kitambulisho, kwa kuwa kiingilio cha Mtanzania na cha mgeni si sawa, na kibali hushughulikiwa Masoko kabla ya kupanda boti. Leta viatu vya mpira vinavyofungwa mguuni. Kandambili hubaki kwenye tope, tumeshazitafuta nyingi. Leta kofia, maji ya kunywa ya kutosha na kitu cha kula, kwani Songo Mnara magofuni hakuna duka. Simu itie kwenye mfuko wa plastiki. Jaketi okozi tunazo za watu wazima na za watoto, na boti haiondoki kabla kila mtu hajavaa.

Unapotuandikia, tupe tarehe mbili au tatu, idadi ya watu, na umri wa aliye mdogo na aliye mkubwa kuliko wote. Tutakujibu kwa saa ya kuondoka na saa ya kurudi kwa kila tarehe. Kama mnakuja na mzee, au mtu mwenye shida ya kutembea, sema mwanzoni kabisa. Tutawatafutia siku ambayo maji yanafika mpaka mikokoni.