Usiwape Vijana Wale Namba

Makorora, Tanga

Shoga yangu Rehema,

Asalaam aleikum. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na mama na wadogo zako. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza. Umeombwa uandike maoni yako juu ya albamu ya vijana wale wa magitaa, waliorekodi kwa fedha zao bila kampuni wala mfadhili, na hujui uanzie wapi. Ukisifu kila kitu, watu watasema umewabeba marafiki zako. Ukisema ukweli, Bagamoyo ndogo, mtakutana tu njiani. Na umeniuliza kama uwape alama, saba au nane juu ya kumi, kama wafanyavyo wahakiki wa nje. Unajua nimekuwa nikiwasoma watu hao kwa miaka mingi, hasa wanaoandika juu ya roki na popu ya wanamuziki wanaojitegemea. Jibu langu ni hili: usiwape namba.

Desturi ya namba ilipata nguvu kubwa kupitia Pitchfork, jarida la mtandaoni lililoanzishwa na kijana mmoja, Ryan Schreiber, huko Minnesota, Marekani, katikati ya miaka ya 1990. Wao hawakuridhika na nyota tano. Waliweka alama mpaka nukta, kuanzia 0.0 hadi 10.0. Na kwa kuwa wanamuziki wadogo hawana fedha za matangazo, namba ile ikawa ndiyo tangazo lao. Arcade Fire kutoka Kanada walipata 9.7 kwa albamu yao ya kwanza mwaka 2004, na mji baada ya mji ukataka kuwaona. Mwaka huohuo Travis Morrison, aliyetoka kwenye bendi ambayo jarida hilohilo lilikuwa limeisifu mno, alitoa albamu yake ya peke yake akapewa 0.0. Mwenyewe alisimulia baadaye jinsi watu walivyombadilikia ghafla. Hebu fikiria, Rehema: mtu hajapigiwa wimbo wake redioni, hana bango hata moja barabarani, na kitu cha kwanza ambacho msikilizaji anakijua juu ya kazi yake ni sifuri.

Halafu namba zenyewe hazikai. Mwimbaji wa Marekani Liz Phair alipewa 0.0 kwa albamu yake ya mwaka 2003. Mwaka 2021 Pitchfork walirudi kwenye albamu kadhaa za zamani na kuzibadilishia alama, na ile ya Liz Phair ikapanda mpaka 6.0. Nyimbo ni zilezile, hakuna hata noti moja iliyoongezwa. Mimi naona walifanya vyema kurudi, tena kwa uwazi. Lakini miaka 18 ni mingi kwa mwanamuziki kubeba sifuri mgongoni.

Usidhani nawachukia wahakiki. Bila wao nisingelijua nusu ya muziki ninaoupenda. Mwezi wa tatu mwaka 2024 Patrick Flegel wa Kanada, anayetumia jina la Cindy Lee jukwaani, alitoa albamu ya Diamond Jubilee. Nyimbo 32, zaidi ya saa mbili. Hakuiweka Spotify wala Apple Music. Ilikuwa YouTube kama kipande kimoja kirefu, na kwenye ukurasa wa kizamani wa kupakua ambapo uliombwa kuchangia ukiweza. Pitchfork waliipa 9.1, alama ya juu kuliko zote walizokuwa wametoa kwa albamu mpya kwa takriban miaka minne, na mwisho wa mwaka wakaiweka ya kwanza katika orodha yao. Kumbuka kwamba miezi michache tu kabla ya hapo, Januari, wenye jarida walikuwa wametangaza kuliingiza chini ya GQ, gazeti lao la mitindo ya wanaume, na kupunguza waandishi. Wengi walishasema uhakiki umekufa. Kumbe maandishi ya mtu mmoja aliyesikiliza kwa makini yaliweza bado kuipeleka dunia nzima kwenye albamu isiyo na mtangazaji.

Sasa nikwambie kilichonifanya mimi niisikilize. Saa mbili za YouTube ni MB nyingi, na bando unajua linavyokwenda. Namba 9.1 isingenitosha kulitumia. Kilichonivuta ni maelezo: gitaa lenye mwangwi linalosikika kama linatoka kwenye kaseti ya miaka mingi, sauti nyembamba ya juu inayofuata njia ya vikundi vya wasichana wa Marekani wa miaka ya 1960, nyimbo zinazofifia kabla hujashiba. Nikasema, hii nitaipenda. Nikasubiri bando la usiku nikaisikiliza yote, na kwa kweli gitaa lile limeniingia. Kwangu nusu ya pili inalegea mahali fulani, na nyimbo kadhaa zingeweza kuachwa. Mhakiki hakuona hivyo, wala sina ugomvi naye, kwa sababu alinieleza alichokisikia na mimi nikaenda kusikia changu. Hiyo ndiyo kazi, Rehema. Umsaidie msomaji aliyeko Tanga, mwenye bando la kuhesabu, ajue albamu hii ina nini ndani, aamue mwenyewe.

Lakini kuna jambo wahakiki wa mbali hulikosa, nalo ndilo hasa lililonifanya nikuandikie barua ndefu badala ya kukujibu kwa sauti.

Unamjua Mdou Moctar wa Niger, yule Mtuareg wa gitaa la mkono wa kushoto, aliyejitengenezea gitaa lake la kwanza kwa nyaya za breki za baiskeli? Albamu yake ya mwaka 2024, Funeral for Justice, ilitoka katika kampuni huru ya Matador na wahakiki waliisifu sana. Nami naisifu. Anaimba kwa Kitamasheki, anawashutumu Wafaransa na viongozi wetu wa Afrika bila kumung'unya maneno, na bendi nzima inakimbia bila kupoteza mdundo. Ila soma walivyoandika wengi, wakimfananisha na wapiga gitaa wa roki wa Marekani: Hendrix, Van Halen, Hendrix tena. Walilisikia gitaa la roki kwa kuwa ndilo wanalolijua. Mimi nilipousikia muziki ule nilisikia harusi. Na si ndoto yangu, kwani magitaa ya Watuareg hupigwa harusini, na Mdou mwenyewe amepiga harusi nyingi kwao. Ule mzunguko usiotaka kuisha, makofi, mwendo unaoongezeka taratibu mpaka hakuna aliyekaa, mtu aliyekulia kwenye harusi za Ngamiani anautambua mara moja. Ni kama chemko, ile sehemu ya kasi ya kuchezea, katika muziki wetu wa dansi. Mhakiki wa New York hawezi kulaumiwa kwa kutokuijua harusi yetu, lakini basi aandike nani, kama si wewe?

Tazama hapa kwetu. Miaka ya 1960 vikundi vya Tanga, Black Star na baadaye Lucky Star, viliingiza gitaa la umeme na besi katika taarab, Shakila akiimba, na taarab ya pwani nzima ikageuka. Mwaka 1989 kampuni huru ya GlobeStyle ya London ilitoa mkusanyiko wa nyimbo za vikundi hivyo viwili. Nashukuru walifanya hivyo. Ila ningetoa chochote nipate ukurasa mmoja tu wa mtu wa Tanga aliyekuwa ukumbini siku zile, anieleze besi ile ilipokelewaje, wazee walinung'unika nini, kinamama walitunza kwenye ubeti upi. Hakuna namba ambayo ingenijibu hayo.

Kwa hiyo waandikie vijana wako ukurasa wa namna hiyo. Zile nyimbo mbili ulizonitumia nimezisikiliza kwa spika na kwa visikizi. Wa kwanza ni mzuri kwelikweli: gitaa la ridhimu linafuata mdundiko, ile ngoma ya Wazaramo, badala ya kuivuta iende kiroki, na mwimbaji anaachia nafasi. Liseme hilo, na ueleze mdundiko unaingia dakika ipi, kwa sababu msomaji wa Mwanza hataujua. Wa pili una kasoro, na kasoro hiyo iandikwe: prodyuza amezishusha ngoma mpaka hazisikiki, gitaa limejaa kila mahali, na mwisho unarefuka bila kuongeza kitu. Ukiandika hivyo, hujawatukana. Wataenda studio kurekebisha. Ukiandika "kazi nzuri, vijana wanajituma", watabaki na sifa tu, na albamu ijayo itakuwa na ngoma zilezile zilizozama. Urafiki wenu utaje mwanzoni kabisa, msomaji ajue, kisha endelea. Watu wa Bagamoyo wana masikio. Mji umekuwa na chuo cha sanaa tangu mwaka 1981, TaSUBa ya leo, na watajua kama umesikiliza au umepita juu juu.

Nitumie nyimbo zilizobaki kwa WhatsApp, zile faili zenyewe na si viungo vya YouTube. Na ukimaliza rasimu niletee kabla hujaitoa, hasa sehemu ya wimbo wa pili, tuone kama dakika nizisikiazo mimi ndizo uzisikiazo wewe.

Msalimie sana mama, mwambie machungwa ya Muheza nitampa mtu wa basi mwisho wa wiki.

Ni mimi shoga yako,
Mwanakombo