Kwa Shangazi, aliyeniuliza kwa nini mtu mzima anakata karatasi

Shangazi yangu mpendwa, shikamoo.

Ulipokuja kwangu siku ya Idi ulikuta mkasi, gundi na mabaki ya magazeti yametapakaa mezani, ukaniuliza kama nimeanza kufundisha chekechea. Nilicheka tu kwa kuwa wageni walikuwa wengi, lakini swali lako lilistahili jibu.

Daftari uliloliona ni shajara yangu. Shajara ya maneno matupu ilinishinda mara tatu, kwa sababu kila jioni ilinidai maelezo. Hii hainidai kitu. Siku nisiyo na la kusema, hupaka rangi ya maji kidogo, nikabandika tiketi ya boti ya Unguja, karatasi ya kiberiti, au kipande cha kanga ambacho jina lake limekatika katikati, hata sijui msemo uliishia wapi.

Daftari lenyewe nimelishona kwa mkono wangu. Karatasi 4 za A4, zikikunjwa katikati na kupachikwa moja ndani ya nyingine, hutoa kurasa 16. Kisha mtu hutoboa matundu matatu kwenye mkunjo, akapitisha uzi kuanzia tundu la kati, ukaenda la juu na la chini, ukarudi kati na kufungwa fundo. Jalada ni boksi la sabuni.

Gundi ndiyo iliyonitesa. Nilipika ya unga wa ngano, nikaipaka nzito kama anayepaka siagi kwenye mkate, na asubuhi nikakuta kurasa sita zimegandana, huku sisimizi wamekwisha kupata habari. Siku hizi naipaka nyembamba, naweka kipande cha plastiki kati ya kurasa, kisha nalilaza daftari chini ya gunia la mchele mpaka likauke bila kujikunja.

Kuhusu utoto, mchoraji Henri Matisse wa Ufaransa alikuwa amevuka miaka 70 alipofanyiwa upasuaji mkubwa mwaka 1941, na katika miaka iliyofuata, mwili ukiwa dhaifu, mkasi na karatasi zilizopakwa rangi vikawa ndiyo kazi yake kuu. Hata hivyo, mimi sikujifunza kwake. Nilijifunza kwako, kila Januari, ulipotukalisha mkekani kujalidi madaftari ya shule: ulikunja pembe za kaki kwa ukucha wa kidole gumba, ukalainisha mkunjo kwa mgongo wa kijiko, na aliyekunja vibaya ulimfungulia aanze upya. Kijiko hicho ndicho ninachokitumia hadi leo, ingawa sikukuaga nilipokichukua.

Nina ombi moja. Ile kalenda ya mwaka jana yenye picha za maua, iliyo nyuma ya mlango wa jikoni, tafadhali usiiwashie jiko. Nitaifuata mwisho wa mwezi, na kijiko nitakuja nacho.

Wako,
Mtoto wa kaka yako