Barua kwa Mishi: eti sikoseli ya mtoto imetoka kwa nani?

Mishi shoga yangu,

Waambaje huko Eldoret na hiyo baridi yenu? Huku wazima alhamdulillahi, joto tu latuuwa na stima haieleweki. Najua nimekunyamazia mno, utanigombeza baadaye, kwanza nisikize.

Mtoto wa Rukia amepatikana na sikoseli. Wakumbuka kwenye arubaini alivyokuwa bonge, kila mtu ataka kumbeba? Mpaka miezi sita hivi hana neno, halafu vidole vya mikono na miguu vikaanza kufura, analia usiku kucha, mara ni meno, mara ni jicho la watu. Damu ikapimwa, SS, yaani jeni zote mbili ni za sikoseli. Sasa yule mavyaa yake kashikilia ati ugonjwa umetoka kwa kina Rukia, kwao yeye hakuna, na maneno yashafika mpaka Kibokoni. Kila akija kumtazama mtoto lazima aache mwiba.

Hilo ndilo laniuma, manake mtoto hawi SS mpaka achukue S moja, yaani jeni ya sikoseli, kwa mama na moja kwa baba. Abdalla mumewe Rukia naye anayo! Yeye ni AS, S moja na A moja ya kawaida, hajaugua hata siku moja so hakujua, lakini nani atamwambia mamake?

Nimekesha nikisoma haya mambo wallahi. Kinachonishangaza ni udogo wake, herufi moja tu ya jeni, palipokuwa na GAG pakawa GTG, basi. Ile protini ya beta, kipande cha hemoglobini inayobeba oksijeni kwenye damu, ni kama uzi wa shanga 146, kila shanga ni asidi amino, na shanga ya sita badala ya glutamiki ikatungwa valini. Moja kati ya 146, utasema itadhuru nini? Sasa glutamiki yapatana na maji, valini yayakimbia, hemoglobini ikishashusha oksijeni ile valini yajibandika kwa hemoglobini ya pembeni, hiyo nayo kwa nyingine, mpaka zafanya nyuzi ndefu ngumu ndani ya seli, seli yapinda, yakwama kwenye mishipa myembamba na ndio hayo maumivu. Seli nyekundu ya kawaida huishi kama siku 120, hizi siku 10 mpaka 20 zishakwisha, damu itakaaje? Na alipokuwa mchanga alikuwa bado na hemoglobini ya tumboni, isiyo na hiyo beta, ndio maana hatukuona kitu. Halafu cha kunichanganya, pale pale kama ingebadilika herufi ya tatu, ikawa GAA, kusingekuwa na lolote, bado ni glutamiki ile ile!

Na huyo mavyaa ati kwao hakuna... Kulikuwa na daktari, Anthony Allison, alilelewa hapa hapa Kenya. 1949 alizunguka akipima damu za watu akaona S imejaa huku pwani na kando ya Ziwa Victoria, kule kwenye milima ni chache. Ni malaria, na 1954 akatoa ushahidi wake: mwenye S moja malaria kali haimpati kirahisi, so akakua, akazaa. Hao mababu zake walioponea homa huko Likoni labda S ndiyo iliyowaokoa, lakini mimi nimwambie hivyo nitoke salama?

Ndio nakuomba wewe. Anakuheshimu tangu ulipomsomea zile karatasi zake za presha, mimi nikifungua mdomo ananambia hayo ni ya simu. Waweza kumrekodia voisi noti, kwa upole, useme ni wazazi wote wawili bila kumtaja Abdalla? Ama umpigie kabisa? Rukia amekonda Mishi, hata kula hali, na kosa lake ni lipi?

Halafu Zuhura ashaposwa na Faki, mtoto wa ami yake. Wapimwe kabla ya nikaha ama nitaonekana naharibu harusi? Wote wakiwa AS uwezekano wa mtoto SS ni robo kwa kila mimba, si ndio, sio kwamba mmoja akipata wengine wamesalimika? Na hiyo dawa ya sikoseli, haidroksiyurea, kweli yarudisha hemoglobini ya utotoni, na mdogo kama huyu aanze lini? Na wewe mwenyewe waja lini? Mamako asema Disemba, Saumu asema hujasema kitu, nimuamini nani?

Nijibu upesi, ile voisi noti hata leo usiku.

Wako,
Amina