"Nimelipa, halafu nimetoka na mpira": kuhusu tiba ya mvuke ya tezi dume

Malalamiko haya hayaishi, na juzi yametufikia tena kwa sauti ya juu. Mzee ametibiwa tezi dume kwa mvuke, amelipa, amerudi nyumbani na mpira wa mkojo na mfuko pajani, na wiki ya pili bado mkojo unamuunguza. Anaona ametapeliwa. Hasira yake tunaielewa, lakini tiba yake inakwenda inavyopaswa.

Katika tiba hii ya mvuke, iitwayo Rezum, hakuna kinachokatwa kwenye tezi iliyokua ikabana njia ya mkojo. Daktari anapitisha kifaa chenye kamera kwenye njia ya mkojo, anachoma sindano ndani ya tezi na kuachia mvuke kwa sekunde 9, kisha anasogea sehemu nyingine. Nyama iliyopata mvuke inakufa, na mwili wenyewe unaiondoa polepole. Kabla ya kunywea, tezi huvimba kwanza. Ndiyo sababu ya mpira kukaa siku kadhaa, pengine wiki nzima. Nafuu huanza baada ya wiki mbili hivi, na matokeo kamili husubiri hadi miezi 3. Haya tunayaeleza kabla ya fomu kusainiwa, na tunaomba mke au mtoto awepo asikie, kwa sababu mtu aliyekosa usingizi kwa kuamka kukojoa hushika neno moja tu: "utarudi nyumbani leo leo".

Kinachotuumiza ni njia ya mkato. Mteja mmoja, dereva, aliona aibu kukaa na mfuko mbele ya abiria. Akamwita kijana wa duka la dawa amtolee mpira kabla ya siku yake. Usiku ule mkojo ukaziba kabisa, akapelekwa hospitali akilia, akawekewa mpira mwingine na kukaa nao muda mrefu kuliko ule wa kwanza. Mwingine aliuvuta mwenyewe. Ndani ya kibofu, karibu na ncha ya mpira, kuna puto dogo lenye maji, ndilo linalouzuia usichomoke. Sisi tunanyonya maji hayo kwa bomba la sindano, puto linasinyaa, mpira unateleza. Yeye alivuta puto likiwa limejaa. Alitokwa damu nyingi, na baadaye njia ikapata kovu likaibana. Kufungua kovu hilo ni upasuaji mwingine, na gharama nyingine.

Kama mpira ndio unaokutisha, sema mapema, mzee wangu. Ipo UroLift: vipandikizi vidogo vyenye uzi vinavyovuta tezi pembeni kama pazia, na wengi huondoka bila mpira. Ila haimfai kila mtu. Alikuja mzee akitaka "hiyo hiyo aliyofanyiwa rafiki yangu" na akagoma kulipia kipimo cha kamera. Alipokubali, tulikuta sehemu ya kati ya tezi imechomoza ndani ya kibofu. Kuvuta pembeni peke yake kusingemsaidia.

Vipimo hivyo ndivyo vinavyolalamikiwa sana kwenye ankara. Tunapima kasi ya mkojo, mkojo unaobaki kibofuni, ukubwa wa tezi kwa ultrasaundi, na PSA (protini inayotoka kwenye tezi dume) kwenye damu ili saratani isije ikapita kimya kimya. Kibofu kilichochoka kwa kusukuma miaka mingi hakirudishi nguvu kwa sababu tu njia imefunguliwa, na ni heri ulijue hilo kabla ya kulipia tiba. Tezi ikiwa kubwa mno, au figo zimeanza kuathirika, tutakwambia wazi kwamba upasuaji wa kawaida au wa leza ndio unaokufaa. Huko wengi hupoteza utoaji wa manii, kwa kuwa hurudi kibofuni. Mvuke na UroLift kwa kawaida huuacha salama.

Na bei? Kifaa cha mvuke hutumika kwa mgonjwa mmoja, kisha kinatupwa. Vipandikizi vya UroLift hulipiwa kimoja kimoja, na tezi ndefu huhitaji zaidi. Hatuwezi kupunguza hapo bila kuchezea mwili wa mtu.

Ukiwa nyumbani na mpira, kunywa maji na usiuguse. Ukiona mabonge ya damu, ukipata homa, au mfuko ukikaa mkavu huku tumbo la chini linakaza, piga simu saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Kuja kutazamwa mpira hatutozi.