Krimu za mchanganyiko zinanyamazisha kinga ya ngozi dhidi ya fangasi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie krimu za ngozi zinazouzwa kiholela kama dawa ya fangasi, jambo lililoingia nyumbani kwangu mwaka huu na kunifanya nielewe kitu nilichokiona kwa miaka mingi nikiwa mwalimu wa shule ya msingi.

Mjukuu wangu mwenye umri wa miaka 8 alitokwa na choa shavuni, kile kiduara cha kawaida chenye kingo nyekundu zilizoinuka. Mama yake alikwenda duka la dawa la jirani, akapewa krimu bila kuulizwa maswali. Siku ya tatu muwasho ulikwisha na wekundu ukafifia, tukamshukuru Mungu. Wiki chache baadaye ugonjwa ulikuwa umetambaa hadi shingoni, ukiwa hauna tena umbo la mviringo bali vipele vilivyotawanyika, kiasi kwamba hata mimi niliyezoea kuona choa kwa watoto sikukitambua. Daktari alikwangua magamba ya ngozi, akayatazama kwa hadubini na kuona nyuzi za fangasi. Kisha akaomba aione tyubu ya krimu. Ndani yake mlikuwa na klotrimazoli, ambayo ni dawa ya fangasi, na gentamisini ya kuua bakteria, lakini pia betamethazoni, ambayo ni steroidi yenye nguvu, yaani dawa ya kutuliza wekundu na muwasho.

Maelezo aliyotupa yanastahili kuwafikia wazazi wote. Fangasi wengi waliomo duniani hawawezi kabisa kutudhuru, kwa sababu joto la mwili wetu, nyuzi 37 hivi, huwashinda. Wale wanaoleta choa hubaki juu, kwenye tabaka la ngozi iliyokufa, kwenye nywele na kwenye kucha, wakila keratini, yaani protini inayojenga sehemu hizo. Hata hapo juu mwili hauwaachi. Ukuta wa fangasi umejengwa kwa sukari za aina ambazo mwili wa binadamu hauna, na chembe za kinga zinapozigusa hutambua kwamba mgeni ameingia, nazo huita chembe nyeupe za damu. Mishipa midogo hutanuka, ngozi huwa nyekundu, na tabaka la juu huanza kujibandua upesi kuliko kawaida ili limtupe fangasi nje pamoja na magamba. Ndiyo maana choa huwa na umbo la duara: katikati mwili umekwisha kusafisha, na mapambano yamehamia ukingoni.

Kwa hiyo wekundu na muwasho tunaokimbilia kuuzima ni kazi ya kinga yenyewe. Steroidi huinyamazisha kinga hiyo. Mtoto anaacha kujikuna, mzazi anaridhika na kuacha kupaka, na fangasi aliyesalia anaendelea kuenea bila wa kumzuia. Nchini India, ambako krimu za namna hii zimetumika kwa wingi, madaktari wa ngozi wanazitaja miongoni mwa sababu za kuenea kwa fangasi aitwaye Trichophyton indotineae, ambaye mara nyingi hasikii terbinafini, mojawapo ya dawa tunazozitegemea.

Mapunye ya kichwani yana habari yake. Huwapata zaidi watoto kwa sababu mafuta ya ngozi yanayoongezeka wakati wa kubalehe yana asidi zinazowazuia fangasi hao, na krimu pekee haiyaponyi kwa kuwa fangasi amejificha ndani ya unywele. Huhitajika dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa. Nasikitika kusema kwamba niliwahi kuwarudisha nyumbani watoto wenye mapunye nikiamini ni uchafu wa wazazi wao.

Tusidhani pia kwamba fangasi ni jambo la ngozi tu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya fangasi 19 wanaohitaji kupewa kipaumbele, na miongoni mwa waliowekwa juu kabisa ni Cryptococcus neoformans, ambaye tunamvuta kwa pumzi kutoka kwenye udongo na vinyesi vya ndege. Mtu mwenye kinga timamu humdhibiti mapafuni bila hata kujua. Kwa mgonjwa wa UKIMWI ambaye kinga yake imeporomoka, hupanda hadi kwenye ubongo na kuleta homa ya uti wa mgongo inayoua. Kinga ndiyo inayoamua.

Ninawaomba wenye maduka ya dawa wasimpe mtu krimu yenye betamethazoni au klobetasoli, ambayo nayo ni steroidi, kwa ajili ya choa bila agizo la daktari, na ninawaomba wazazi wasome majina hayo kwenye tyubu kabla ya kulipa. Aliyekwisha kuitumia aende hospitali na tyubu yake mkononi. Mjukuu wangu alipoachishwa krimu ile na kuanzishiwa vidonge vya fangasi, uso wake uliwaka na kuwasha kuliko siku ya kwanza, na kama daktari asingalituonya mapema kwamba kinga ndiyo inaamka, mama yake angaliirudia tyubu ile usiku uleule.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro