Mota haikufa, ni ekseli nilirudisha kinyume

Mhariri,

Salamu. Ule ukurasa wenu wa mafundi wa juzi umenichokoza kwa kweli, mmeandika eti toi yoyote ya umeme ikifunguliwa kutengenezwa halafu ikagoma kutembea basi mota imeungua, nunua nyingine. Hapana jamani. Mimi nusura ninunue mota kwa maneno kama hayo na yangu ilikuwa nzima kabisa.

Kitu chenyewe ni kitreni, sio hivi vya betri vya watoto, ni kile kinachotembea juu ya reli zenye umeme wa volti 12. Mpwa wangu aliye Marekani ndiye aliniletea, anajua nimekulia nyumba za reli Nsambya na baba alikuwa karakana ya Nalukolongo, hata hiki Kiswahili changu nimekiokota huko huko, maana reli ilikuwa na watu wa kila kabila na bila Kiswahili hata chumvi ya kuazima hupati. Ni injini ya mvuke, nyeusi, inavuta tenda nyuma, yaani kile kibehewa chake cha makaa, kipimo cha moja kwa 87, reli zake zimeachana milimita 16.5. Hiyo ni ile reli pana ya wenzetu ya milimita 1435 imepunguzwa, sio yetu ya mita moja iliyofika Kampala 1931, yetu ingetoka kama milimita 12 hivi, lakini cha bure utalalamika nini.

Sasa kilikuwa kinakwamakwama, nikakifungua mezani nikatoa nywele na vumbi kwenye ekseli, magurudumu nikayafuta na spiriti, kuna waya ulikuwa umekatika nikauchomea risasi, nikafunga. Kuweka tu kwenye reli, adapta inayoleta umeme kwenye reli ikajizima. Nikakiinua, ikawaka. Nikakirudisha, ikazima tena. Fundi mmoja huko Katwe akakiangalia labda dakika moja, akasema "mzee, mota imekufa hii", akanitajia bei ya kuku watatu wakubwa.

Nikarudi nacho nyumbani. Nikachukua betri ya volti 9, waya mbili moja kwa moja kwenye kaboni za mota, zile zinazoingiza umeme ndani yake, ikazunguka kama feni. Hapo nikaanza kufikiri vizuri, kwa sababu mota iliyokatika ndani kwa kawaida inakaa kimya tu, haisumbui mtu, lakini adapta kujizima vile ni shoti, yaani plasi imekutana na mainasi mahali bila kupitia kwenye mota. Nikaweka testa kwenye mlio, inalia umeme ukipata njia kati ya ncha zake mbili, ncha moja gurudumu la kushoto, nyingine la kulia. Piiii. Nikatenganisha tenda na injini, injini ikanyamaza, tenda ikaendelea kulia.

Wasomaji wako wajue hivi: reli moja ni plasi na nyingine mainasi, na injini za aina hii zinachota umeme wa reli moja kwa magurudumu ya injini na wa reli ya pili kwa magurudumu ya tenda. Kwa hiyo kila ekseli ya tenda ina gurudumu moja linalogusana nayo chuma kwa chuma na jingine limetengwa na kipete cha plastiki. Ukiisogeza dirishani utakiona, kipete cheusi chembamba kama uzi, pale ekseli inapoingia katikati ya gurudumu. Ekseli zote nne lazima plastiki zikae upande mmoja, moja tu ikigeuka, bogi la chuma, yaani kile kifremu kinachoshika ekseli, linaunganisha reli mbili na mchezo umeisha. Nikazitoa moja moja huku testa iko pale pale, ya kwanza inalia, ya pili inalia, ya tatu kimya. Niliigeuza mwenyewe, usiku umeme umekatika, nafunga skrubu na tochi nimeishika kwa meno.

Baada ya hapo kikatembea, ila kinyumenyume! Waya za mota nilikuwa nimezibadilisha, desturi ni kwamba reli ya kulia ikiwa plasi injini inaenda mbele, nikazigeuza. Na bado kilikuwa kinazimika kwenye kona, kumbe ile risasi niliyochomea haikushika, ilikuwa ya kijivu imefifia badala ya kung'aa, ukivuta waya unacheza. Nikapasha tena, ikaisha.

Mpwa ananiambia atatuma na dikoda, kile kibodi kidogo kinachokaa ndani ya injini na kupokea amri, niendeshe kwa dijitali. Huko ndiko shoti inauma, waya nyekundu na nyeusi zinatoka kwenye reli, ya chungwa na ya kijivu zinaenda kwenye mota, na kaboni ya mota ikigusa bodi ya chuma hata kidogo dikoda inaweza kuungua papo hapo, kwa hiyo unapima na testa kabla ya kuunga chochote.

Kwa hiyo mhariri naomba mrekebishe ile habari. Kifaa kilichokufa chenyewe sawa, lakini kilichogoma dakika ile ile umemaliza kukifunga, msomaji aanze na alichogusa yeye. Na mkiwa na nafasi chapisheni picha ya hiyo ekseli, ninayo kwenye simu, kipete kinaonekana vizuri.

Msomaji wenu,
Nsambya, Kampala